Kanda Isiyotoa Sauti

Vumbi likipata moto juu ya mashine ya zamani lina harufu yake, na kila aliyekulia kwenye nyumba yenye TV ya chogo, ile nene ya zamani, anaijua. Si harufu ya kuungua hasa. Ni harufu ya kitu kilichokaa kimya muda mrefu kikiamshwa. Niliikuta juzijuzi kwa fundi Shabani, hapa Kilosa, nyuma ya soko, alipoichomeka deki yetu ya zamani ya kanda za video kwenye umeme na kuiacha ipate joto. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nasubiri, mtu mzima na mkoba wangu wa ofisini mapajani, na ghafla nikawa na miaka saba, mkono umepita nyuma ya TV, naogopa kuutoa.

Deki hiyo niliipeleka kwa sababu ya swali moja la mdogo wangu. Tumaini anaishi kanda ya ziwa tangu akiwa na miaka miwili. Si mtu wa kunipigia simu ovyo. Tunasalimiana sikukuu, ananiamkia vizuri, anauliza afya ya baba, basi, kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Safari hii alikuwa amejifungua mtoto wa kike na kumpa jina la mama yetu. Baada ya salamu akauliza, "Dada, hivi mama alikuwa na sauti gani?"

Nilijaribu kumsikia mama kichwani, na sauti iliyokuja ilikuwa ya baba. Nikamwambia Tumaini nitampigia baadaye. Nilikata simu nikakaa kitandani, nikalia kwa hasira, maana mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa na mama miaka saba mizima, na hata hicho kidogo sikuwa nimekitunza.

Tulikuwa tunakaa Mikumi, karibu na barabara kuu, malori ya Zambia yakitupitia mchana kutwa. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja, mwanamke, aliyekuja kuhesabu ndege hifadhini. Jina lake lilitushinda wote, tukamwita Mama Ndege, naye akaitika bila kinyongo. Alikuwa mrefu, mwekundu, na aliwaamkia shikamoo watoto wadogo kama sisi, tukacheka mpaka tukakaa chini. Mama alimpikia na kumfulia, na jioni walikaa wawili nyuma ya nyumba wakichambua mchele, mmoja na Kiswahili chake kibovu, mwingine bila Kiingereza kabisa, na bado walikuwa wakielewana.

Mama alikuwa anaumwa. Mimi sikuambiwa, nilijua tu kwa sababu aliacha kumbeba Tumaini. Mtoto akimlilia, mama alikaa chini kwanza, akanyoosha miguu, ndipo akamwita aje. Nilidhani ni adabu mpya. Nilidhani watoto wa miaka miwili ndivyo wanavyofundishwa.

Siku chache kabla Mama Ndege hajarudi kwao Marekani, alimkalisha mama kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akamwelekezea kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani. Baba alikuwa amepeleka gari Morogoro. Mimi nilitaka kuona, mama akanifukuza nikacheze. Niliwaona kwa mbali, mama akiongea na ile kamera, akiinamisha kichwa, akiinua tena. Haikuchukua muda. Kisha akainuka akarudi jikoni.

Mama Ndege alipoondoka alituachia kanda hiyo, na deki yake, na lidude zito la chuma la kupunguza umeme, kwa sababu deki ya kwao haihimili umeme wetu. TV baba alikuwa nayo tayari, chogo kuukuu lenye tundu la antena tu. Mama akamwambia baba, mbele yangu, "Nimesema humo. Utaona." Baba akacheka, akasema sawa, siku akipata nafasi atafunga waya. Nafasi hakuipata mpaka mama alipolazwa.

Wodini watoto hatukuruhusiwa. Jioni ya tatu au ya nne Tumaini alilia mpaka akapaliwa, na baba, ambaye alikuwa hajui kubembeleza hata kuku, akafungua boksi la deki. Alihangaika sana. Alizungusha, akatafuta, akapiga TV kofi. Chenga zikaja, zikaondoka, mwishowe akatokea mama.

Hakuwa na rangi. Alikuwa wa kijivu mtupu, kigoda cha kijivu, ukuta wa kijivu, na alikuwa anapanda. Picha nzima ilikuwa inapanda juu, mama anatokea chini ya kioo, anapita, anaishia juu kuanzia kichwani, kisha anatokea tena chini. Nilipiga kelele. Kanisani tulikuwa tumeambiwa jinsi watu watakavyonyakuliwa, na mimi nikaona ndiyo hiyo, wameanza na mama yangu. Baba akaniambia niache ujinga. Akapitisha mkono nyuma ya TV, akashika kipini kidogo cha kuzungusha, akakigeuza polepole mpaka mama akasimama. Alipokiachia, mama akaanza kupanda tena.

"Njoo hapa," akaniambia. "Shika hivihivi. Usisogeze."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Kila jioni nilikaa kando ya TV, shavu limegusa ubao wake wa moto, pua imejaa ile harufu ya vumbi, vidole viwili vimembana mama asiondoke. Nilimwona kwa upande, kwa jicho moja. Tumaini ndiye aliyekaa mbele kwa raha zake, akipeleka kijiko cha uji kwenye kioo ili mama naye ale.

Sauti haikuwepo. Ilikuwa ni mvumo tu, kama maji ya bomba, mpaka baba akaipunguza kabisa. Mama aliongea na midomo yake ilikwenda, lakini hakikutoka kitu. Nikamuuliza baba, "Mama anasema nini?"

Baba aliangalia TV kidogo. Kisha akasema, "Anasema mmalize mboga."

Tukamaliza mboga. Kesho yake nikauliza tena, na baba akatuambia mama anasema tusicheze barabarani. Keshokutwa mama akasema niwe namwosha Tumaini miguu kabla ya kulala. Kuna mahali katika kanda ile mama anainua vidole viwili, cha shahada na cha kati, amevibana pamoja. Tulipofika hapo nikamuuliza baba maana yake, naye akajikuna shingo, akasema, "Anasema mpige mswaki mara mbili. Asubuhi na usiku." Mpaka leo napiga mswaki mara mbili, na nikiwa safarini nikasahau dawa ya meno, napatwa na wasiwasi usio na kichwa wala miguu.

Sikuwahi kushuku kwamba baba anatunga. Nilielewa hivi: watu wazima wanasikia TV, watoto bado. Niliona ni kama kusoma gazeti. Ningekua, masikio yangefunguka, na siku moja ningemsikia mama mwenyewe bila kumsumbua baba. Kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilishika kipini changu nikasubiri kukua.

Mama alifariki hospitalini, mchana, wakati mimi niko shule. Sitaeleza msiba. Msomaji wa umri wangu amezika, anajua. Nitaeleza siku ya kumaliza matanga, kwa sababu hapo ndipo tulipopotea.

Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kwa treni kutoka kanda ya ziwa mpaka Kilosa, kisha kwa gari mpaka kwetu. Mwanamke mwembamba, mgongo umeanza kupinda, aliyenisalimu kwa lugha yake nami nisimjibu kwa sababu mama hakunifundisha. Wazee walikaa sebuleni kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani na Tumaini mapajani, tunasikia kila kitu. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeongoza kikao. Alishukuru waliokuja, akashukuru waliopika, halafu akauliza kama inavyoulizwa siku zote, "Sasa, kabla hatujaendelea. Marehemu aliacha neno?"

Niliona kwa upenyo wa mlango watu wakimgeukia baba. Baba alikuwa anaangalia mkeka.

"Hakuacha," akasema.

Nilishangaa sana. Mama alikuwa ameacha maneno mengi kiasi hicho! Mboga, barabara, miguu ya Tumaini, mswaki. Nilitaka kutoka niwakumbushe. Lakini mtoto haingii kwenye kikao, na tena nikajiambia labda wazee wanatafuta neno la kizee, kubwa, lisilohusu mboga. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka saba na nimejisamehe mambo mengi ya umri huo, lakini hili la kunyamaza bado linanisumbua, hata ingawa najua sasa kwamba ningesema, wangecheka tu.

"Basi kama hakuna neno," bibi akasema kwa Kiswahili cha polepole, "huyu mdogo nakwenda naye. Mwanaume atamlea vipi? Mkubwa abaki, anasoma."

Hakuna aliyepinga. Kwao ndivyo wanavyofanya, mtoto mdogo wa marehemu anarudi kwa bibi yake, na kusema kweli wote waliokuwa pale waliona ni huruma. Baba alitikisa kichwa kukubali. Siku iliyofuata tuliwasindikiza mpaka stesheni ya Kilosa. Tumaini alikuwa hajawahi kuona treni. Alifurahi, akapunga mkono dirishani kama mheshimiwa, akaniambia "njoo" kwa sababu alidhani nimechelewa tu kupanda. Jioni ile nilitandika kitanda nikalala katikati, kisha nikasogea ukutani kama kawaida yangu, nikamwachia nafasi yake.

Kanda hatukuiangalia tena. Baba aliifunga kwenye taulo akaiweka kwenye sanduku la bati na kufuli.

Alipozeeka nilimhamishia kwangu hapa Kilosa, akaja na sanduku lake. Nilipomwambia Tumaini anauliza sauti ya mama, na kwamba nasikia siku hizi kuna namna ya kuzionyesha kanda hizi za zamani kwenye TV za sasa, alikunja uso. "Iache hiyo kanda," akasema. "Ilikuwa mbovu tangu mwanzo." Nikamwambia si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Tumaini. Siku ya tatu nikakuta ufunguo wa sanduku juu ya meza ya chakula.

Fundi Shabani aliigeuza kanda, akaichungulia kwenye mwanga, akapuliza. "Dada, hii ina ukungu, lakini itasafishika. Na deki mkanda wake wa ndani umekauka, nao unabadilishika. Ila mambo haya si ya huku. Haya ya Marekani."

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa. Picha zao zinakwenda mbio kuliko zetu, ndiyo maana kwenye chogo lenu zilikuwa zinapanda. Na rangi wanazipanga kivyao, TV yetu haizielewi, inakupa kijivu." Alikuwa mtu anayependa kazi yake, unaweza kumsikiliza mpaka ukasahau ulichofuata. "Afadhali chogo lakini. Chogo lilikuwa na roho nzuri, lilipokea chochote. Hizi TV flat za sasa zina maringo. Picha ikitikisika kidogo tu inakuandikia hakuna mawimbi, inalala. Itabidi niweke kiboksi hapa katikati, kiitulize picha kwanza na kuitafsiri, ndiyo flat iikubali."

Nikauliza kile nilichokuwa naogopa kuuliza. "Na sauti? Sisi haikuwahi kutoka. Labda haikurekodiwa."

"Mlitumia waya wa antena, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi sauti ilikuwepo siku zote. Kwenye waya wa antena inapita pembeni ya picha, na wale wanaiweka karibu kuliko sisi. TV yenu ilikuwa inaisubiri mahali ambapo haiji." Akanyanyua nyaya tatu, mwekundu, mweupe na wa njano. "Mngepata TV yenye matundu ya hizi, mngeisikia siku ileile."

Alinipigia baada ya wiki, akasema iko tayari. Nilipokwenda alinifungia kila kitu kwenye boksi, akanionyesha jinsi ya kuunganisha, akawa hanitazami. "Nilipoona ni mama anaongea na mume wake nikazima," akasema. "Kasikilizeni na mzee."

Tulikaa mimi na baba sebuleni, mchana, mapazia nimefunga. Nilibonyeza. Kioo kikawa cha buluu, kikatetemeka, kikatulia, na mama akawa amekaa pale kwenye kigoda, kimya bado, anamsikiliza Mama Ndege anayemwelekeza pa kuangalia. Kitenge ambacho maisha yangu yote nilikijua kuwa cha rangi ya majivu kilikuwa cha njano, njano ya kuumiza macho, na ukuta wa nyuma ulikuwa na ule udongo mwekundu wa kwetu. Alikuwa mdogo. Alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na amechoka sana. Halafu akaongea, na sauti ilikuwa nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na nilikuwa naijua. Ilikuwa sauti ya Tumaini.

"Baba Rehema," mama akasema. "Huyu mwenzangu ananiambia niangalie hapa kwenye kioo. Sijui kama ndipo naangalia. Nasema huku kwa sababu nikikuambia mbele yako utaniambia nyamaza, usijitabirie. Sijitabirii. Naumwa, wewe unaona. Sasa sikiliza. Nikiwa sipo, mama yangu atakuja kumchukua Tumaini. Atakuja, ndivyo kwetu wanavyofanya. Usimpe. Mama amechoka, hata maji anachotewa. Na Rehema ameshamzoea mdogo wake, hawezi kulala bila yeye. Waache hivi." Akainua vidole viwili, amevibana. "Wawili. Wakue pamoja. Mama akikasirika mwambie ni mimi nimesema, hatabisha." Akainamisha kichwa, akakiinua. "Ni hilo tu. Mengine utajua mwenyewe." Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma ya kamera. "Imetosha? Nina sufuria motoni."

Akainuka. Ukabaki ukuta na kigoda kitupu, halafu chenga.

Sikumwangalia baba mara moja. Nilipomwangalia alikuwa amefumba macho, mikono imekamata magoti.

"Aliniuliza," akasema. "Kule wodini. Aliniuliza, mmeniona kwenye video? Nikamwambia tumekuona. Akaniuliza, umesikia nilichosema?"

Akafumbua macho, akaangalia chenga kwenye kioo.

"Alikuwa na maumivu sana siku ile. Mimi nilijua ni salamu tu, mtu anapewa kamera anasema nini zaidi ya salamu? Nikamwambia nimesikia. Akanishika mkono akaniambia, 'Basi nimepumzika.' Ndiyo siku aliyofariki. Pale kwenye kikao kaka aliponiuliza kama ameacha neno, ningesema nini? Niseme aliacha, silijui? Niseme nilimdanganya mgonjwa?"

Nilimchukia baba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilimchukia kwa dakika kama mbili, kwa kila mswaki na kila jani la mboga, kwa kitanda kile na kwa dirisha lile la treni. Nilimwona mtu aliyekuwa na njia ya kusema kweli mara mbili na mara zote mbili akachagua kinachomrahisishia. Kisha nikamwona kijana wa miaka thelathini amekaa kando ya kitanda cha mkewe, anaulizwa jambo ambalo jibu lake jema ni moja tu. Chuki ikaisha yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakikuwa na mtu wa kukibebesha.

Nilimuuliza tufanye nini. Nilikuwa nimeahidi kumtumia Tumaini sauti ya mama, na sauti ya mama ndiyo hii, haina nyingine, haiwezekani kumkatia kipande cha salamu kwa sababu salamu hazimo. Ama asikie yote, ama asisikie kitu. Tumaini aliyekulia kwa bibi anayechotewa maji, akawa yeye ndiye mchotaji. Tumaini ambaye hakuwahi kutuuliza kwa nini ni yeye aliyepelekwa.

"Mpigie simu," baba akasema. "Asianze na video. Aanze na mimi."

Nikapiga, nikaweka spika, nikamwekea simu mezani. Tumaini alipokea haraka, akaamkia, baba akaitika marahaba. Nilisikia mtoto analia nyuma yake, na yeye anamtikisa.

"Mwanangu," baba akasema, "mama yako aliacha neno. Mimi sikulisikia. Aliniuliza kama nimelisikia, nikamwambia ndiyo."

"Neno gani, baba?"

"Kwamba usiondoke. Mkae na dada yako, mkue pamoja. Alisema nisikupe." Hapo sauti ikamkatika, akalia kwa mlio, mzee wangu, kinywa wazi, jinsi ambavyo sikumwona akilia hata siku ya mazishi.

Upande wa pili mtoto aliendelea kulia. Nilimsubiri apige kelele, nilimsubiri akate simu, na lolote kati ya hayo ningelipokea. Tumaini alimtuliza mtoto kwanza. Alichukua muda wake. Halafu akasema polepole, bila hasira yoyote, kwa sauti ile ya mama:

"Usilie, baba. Mimi nimeshakua."